Matatizo ya Usemi: Jinsi Yanavyochunguzwa na Kutibiwa, Kuanzia Utotoni Hadi Utu Uzima

Je, mtoto wako amefikisha miaka miwili na bado anaonyesha kwa kidole kila anachotaka? Je, ana miaka minne lakini wewe peke yako ndiye unayemwelewa, na wageni wanakuuliza kila mara, "Kasema nini?" Au pengine unamuuguza mzazi wako aliyepata kiharusi. Anakutazama machoni, unaona kabisa kwamba anajua anachotaka kusema, lakini maneno hayatoki.

Katika hali hizi zote, jambo ambalo mama na walezi huambiwa mara nyingi ni "ngoja tu". Mtoto wa kiume huchelewa. Baba yake naye alichelewa. Mzee akipumzika atarudi kuongea. Wakati mwingine maneno hayo ni kweli. Lakini wakati mwingine yanagharimu miezi na miaka ambayo ndiyo ilikuwa bora zaidi kwa tiba. Makala hii inakueleza namna ya kutofautisha hali ya kungoja na hali ya kwenda hospitali, mtaalamu atafanya nini ukifika, na wewe utafanya nini nyumbani.

Matatizo ya usemi ni nini?

Kuongea kunahitaji mambo kadhaa yafanye kazi pamoja. Masikio yasikie, ubongo uelewe na kupanga maneno, mapafu yatoe pumzi, koo litoe sauti, na ulimi, midomo na kaakaa viumbe matamshi. Hitilafu katika sehemu yoyote kati ya hizo inaweza kuharibu usemi. Kwa kawaida wataalamu hugawa matatizo haya katika makundi manne:

- Tatizo la lugha. Mtu haelewi vizuri anachoambiwa, au hapati na hapangi maneno ya kueleza anachotaka.
- Tatizo la matamshi. Maneno anayajua, lakini sauti zake hazitoki sawasawa, hivyo watu hawamwelewi.
- Kigugumizi. Anarudiarudia mwanzo wa neno, anavuta sauti, au neno linakwama kabisa kabla ya kutoka.
- Tatizo la sauti. Sauti inakwaruza, imekauka, haisikiki, au inatokea puani.

Mtu mmoja anaweza kuwa na zaidi ya tatizo moja. Ndiyo maana dawa au ushauri uliomsaidia mtoto wa jirani huenda usimsaidie wa kwako.

Mtoto anatakiwa aweje katika kila umri?

Watoto hawalingani, lakini kuna mpangilio ambao wengi wao huufuata:

- Miezi 6 hadi 9: anageukia sauti, anacheka, anaanza kusema "ba-ba-ba", "da-da-da".
- Mwaka 1: anageuka akiitwa jina lake, anapunga mkono wa kwaheri, anaweza kuwa na neno moja kama "mama" au "baba".
- Mwaka 1 na nusu: ana maneno kadhaa na anaelewa maagizo mepesi, kwa mfano "lete kikombe".
- Miaka 2: anaunganisha maneno mawili: "mama njoo", "nataka maji". Mtu asiyemzoea anaelewa karibu nusu ya anachosema.
- Miaka 3: anatumia sentensi fupi na watu wengi wanamwelewa mara nyingi.
- Miaka 4 hadi 5: anasimulia jambo lililotokea, na hata mgeni anamwelewa.

Kukosea matamshi ni sehemu ya kujifunza. Mtoto mdogo anayesema "tutu" akimaanisha kuku, "maki" akimaanisha samaki, au "chula" akimaanisha chura, anarahisisha maneno kwa kiwango cha ulimi wake. Sauti kama *r*, *dh*, *th* na *gh* huchelewa kukaa sawa kuliko *m*, *b* na *t*. Tena, usimpime mtoto kwa Kiswahili cha redioni ikiwa nyumbani kwenu hamkizungumzi hivyo. Watu wazima wengi huchanganya *r* na *l* kwa sababu ya lugha yao ya kwanza. Hiyo ni lafudhi, siyo ugonjwa.

Dalili ambazo hazipaswi kungojewa

Mpeleke mtoto kuchunguzwa ukiona mojawapo ya haya:

- Hashtuki kwa sauti kubwa au hageuki akiitwa.
- Amefikisha mwaka 1 bila kubwabwaja sauti, kuonyesha kwa kidole wala kupunga mkono.
- Amefikisha mwaka 1 na nusu bila neno hata moja.
- Amefikisha miaka 2 na haunganishi maneno mawili.
- Amefikisha miaka 3 na hata watu wa nyumbani hawamwelewi.
- Kigugumizi kimedumu zaidi ya miezi 6, au anakunja uso, anafumba macho na kuhangaika ili neno litoke.
- Maziwa au chakula hutokea puani, au anapaliwa kila anapokula.
- Katika umri wowote, alikuwa anaongea na sasa amepoteza maneno aliyokuwa nayo. Hili halingoji hata wiki moja.

Mambo ambayo si chanzo

Kabla ya kufika hospitali, mama wengi hupitishwa kwanza kwenye ushauri wa majirani. Baadhi yake hauna madhara, ila mwingine ni hatari.

*Kimeo.* Kukata kimeo hakumfanyi mtoto aongee. Kimeo hakizuii maneno. Kukikata mtaani kumesababisha watoto kutoka damu nyingi, kupata maambukizi na hata kufa.

*Ulimi uliofungwa.* Kuna watoto wanaozaliwa na ngozi fupi chini ya ulimi. Ngozi hiyo inaweza kumsumbua mtoto katika kunyonya, na pengine kuathiri sauti chache. Lakini mtoto ambaye hana maneno kabisa, au haelewi anachoambiwa, tatizo lake haliko chini ya ulimi. Kama ngozi hiyo inahitaji kukatwa, aamue na akate daktari.

*Lugha mbili nyumbani.* Mtoto anayesikia Kisukuma kwa bibi na Kiswahili kwa mama hachanganyikiwi. Maneno yake yamegawanyika katika lugha mbili, kwa hiyo yahesabu yote pamoja. Usiache kuzungumza naye lugha unayoijua vizuri.

*Uvivu, ukaidi, au kurogwa.* Mtoto asiyeitika anaweza kuwa hasikii. Wako watoto waliochapwa kwa "ujeuri" kumbe masikio yao yalikuwa yamejaa usaha. Kumchapa, kumcheka au kumficha ndani hakufungui usemi, kunaufunga zaidi.

Uchunguzi: maswali matatu

Anza katika kliniki ya mama na mtoto au kituo cha afya kilicho karibu, kisha omba rufaa. Mtaalamu anayehusika zaidi ni mtaalamu wa tiba ya usemi na lugha. Hufanya kazi pamoja na daktari wa watoto na daktari wa masikio, pua na koo. Uchunguzi wao, kwa mtoto na kwa mtu mzima, hujibu maswali matatu.

1. Je, anasikia? Hili huja kwanza hata kama wewe una hakika kwamba anasikia. Mtoto anaweza kusikia mlango ukibamizwa na asisikie sauti nyembamba kama *s* na *f*. Kwa mtoto mchanga kuna vipimo vinavyofanyika akiwa amelala, bila maumivu yoyote. Inapowezekana, mtoto mchanga apimwe kabla hajafikisha mwezi 1, tatizo lithibitishwe kufikia miezi 3, na aanze kusaidiwa kufikia miezi 6. Mweleze daktari kama mtoto alizaliwa njiti, alipata umanjano mkali, aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria iliyopanda kichwani, au ana masikio yanayotoa usaha mara kwa mara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba karibu asilimia 60 ya upotevu wa usikivu kwa watoto ungeweza kuzuiwa.

2. Je, anaelewa? Mtaalamu atacheza na mtoto kwa wanasesere, vikombe na picha. Huo si mchezo mtupu. Anatazama kama mtoto anafuata maagizo bila kuonyeshwa kwa mkono, kama anamtazama mtu usoni, na kama anataka kushirikiana naye. Mtoto anayeelewa kila kitu lakini hatamki ni tofauti na mtoto asiyeelewa. Hapa pia ndipo dalili za usonji au za kuchelewa kwa ukuaji wa akili hujitokeza.

3. Je, anatoaje maneno? Ataangalia midomo, meno, ulimi na kaakaa. Atamwonyesha mtoto picha za vitu anavyovijua, kama vile mbuzi, kiatu au ndizi, na kuandika sauti anazokosea. Atasikiliza kama pumzi inatosha, kama sauti inatokea puani, na kama maneno yanakwama.

Wewe mama utaulizwa maswali mengi: mimba ilikuwaje, alilia alipozaliwa, alikaa na kutembea lini, nani nyumbani alichelewa kuongea. Nenda na kadi ya kliniki. Ukiweza, mrekodi mtoto kwa simu akiwa anacheza nyumbani, kwa sababu watoto wengi hunyamaza mbele ya mgeni.

Tiba kwa watoto

*Mtoto aliyechelewa kuongea.* Tiba kubwa hufanyika nyumbani, na mtaalamu hukuonyesha namna. Kaa chini usawa wa macho yake. Taja anachokitazama: "Kuku! Kuku anakula." Akisema neno moja, mrudishie mawili: akisema "maji", wewe sema "maji baridi". Mpe nafasi ya kuomba badala ya kumpa kabla hajaomba. Baada ya kumwuliza, hesabu kimyakimya hadi tano kabla ya kujibu kwa niaba yake. Wakati wa kumwogesha, kumlisha au kuchambua mchele ni darasa tosha. Televisheni na simu hazimfundishi kuongea, kwa kuwa hazimsubiri ajibu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto wa mwaka 1 asikae mbele ya skrini, na mwenye miaka 2 hadi 4 asizidishe saa 1 kwa siku.

*Matamshi.* Mtaalamu huchagua sauti moja au mbili, humfundisha mtoto kuisikia kwanza, kisha kuitamka peke yake, halafu ndani ya neno na mwisho ndani ya sentensi. Dakika chache kila siku zina faida kuliko saa nzima mara moja kwa wiki. Akisema "tutu", usimwambie "umekosea". Mwambie, "Ndiyo, kuku! Kuku mkubwa." Amesikia neno sahihi, na hajaona aibu.

*Mdomo sungura na kaakaa lililo wazi.* Mdomo kwa kawaida hufanyiwa upasuaji mtoto akiwa na miezi 3 hadi 6, na kaakaa kati ya miezi 9 na 18. Usingoje mpaka aanze shule. Zipo hospitali zinazofanya upasuaji huu bure au kwa gharama ndogo kwa msaada wa wafadhili, hivyo uliza. Na baada ya kaakaa kufungwa, mtoto anaweza bado kuongea puani. Hapo anahitaji tiba ya usemi, na wachache huhitaji upasuaji mwingine.

*Usikivu hafifu.* Masikio yenye usaha hutibiwa. Mtoto mwenye usikivu mdogo hupewa vifaa vya kusaidia kusikia. Kwa wengine ambao vifaa hivyo haviwatoshi, hupandikizwa kifaa ndani ya sikio. Katika Hospitali ya Taifa Muhimbili huduma hiyo ilianza mwaka 2017. Kifaa pekee hakitoshi, kwa sababu mtoto lazima afundishwe kusikiliza. Lugha ya alama nayo ni lugha kamili. Kumfundisha mtoto kiziwi mapema hakumzuii kuongea, na kunamwepusha na kukua bila lugha yoyote.

*Mtindio wa ubongo na usonji.* Wapo watoto ambao maneno ya mdomoni yatakuwa machache. Lengo kwao ni mawasiliano. Ubao wenye picha za maji, chakula, choo, maumivu, ndiyo na hapana unaweza kutengenezwa kwa boksi na picha zilizokatwa magazetini. Wazazi huogopa kwamba picha zitamfanya mtoto avivie kuongea. Sivyo ilivyo. Mtoto anayepata kinachomhusu huwa na hamu zaidi ya kuwasiliana.

*Kigugumizi.* Kwa kawaida huanza kati ya miaka 2 na 5, wakati maneno yanaongezeka haraka. Watoto wengi hupona, lakini karibu mtu mzima 1 kati ya 100 hubaki nacho. Huwapata zaidi wavulana, na mara nyingi kuna ndugu mwenye nacho. Hakisababishwi na woga, kutekenywa wala kuiga mtu. Usimwambie "pumua kwanza" wala "anza tena", na usimmalizie neno. Punguza mwendo wako mwenyewe, msikilize anachosema na siyo jinsi anavyokisema, na hakikisha ndugu zake hawamkatizi. Kwa watoto ambao hawajaanza shule, kuna tiba ambazo mzazi ndiye anayezifanya kila siku akiongozwa na mtaalamu, na matokeo yake ni mazuri.

Anapoanza shule

Mtoto mwenye tatizo la lugha ambalo halikutibiwa huweza kuchelewa pia kusoma na kuandika, maana anayeshindwa kutenganisha sauti mdomoni hushindwa pia kuzitenganisha kwenye karatasi. Zungumza na mwalimu mapema. Omba mtoto akae mbele, apewe muda wa kujibu, na asisomeshwe kwa sauti mbele ya darasa kwa kushtukizwa. Sema wazi kwamba kuchekwa hakukubaliki. Nchini Kenya, vituo vya serikali vya upimaji wa kielimu, vinavyojulikana kwa kifupi EARC, vilianza mwaka 1984, na hupima watoto wenye mahitaji maalumu na kuelekeza shule inayowafaa. Kwingineko, uliza ofisi ya elimu maalumu ya wilaya.

Usemi unapoharibika ukubwani

*Kiharusi.* Mtu mzima akianza ghafla kuongea maneno yasiyoeleweka, uso ukipinda upande mmoja, au mkono ukilegea, mkimbize hospitali saa hiyohiyo, hata kama dalili zimepungua. Kwa baadhi ya wagonjwa kuna dawa ya kuyeyusha donge la damu, lakini lazima itolewe ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze. Kumbuka dalili zilianza wakati gani, maana daktari atauliza. Usimpe maji, uji wala dawa ya kunywa kabla hajapimwa kama anameza vizuri, kwani chakula kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Takribani theluthi moja ya wanaopata kiharusi hupata afasia, yaani ubongo kushindwa kupata au kuelewa maneno. Mara nyingi upande wa kushoto wa ubongo ndio ulioumia, ndiyo maana wengi wao mkono wa kulia nao huwa umelegea. Wengine maneno wanayo, lakini misuli ya mdomo imelegea na usemi unakuwa mzito. Mtaalamu hupima kila kimoja: kuelewa, kutaja vitu, kurudia, kusoma na kuandika. Tiba huanza mapema kadiri afya inavyoruhusu. Nafuu kubwa huonekana katika miezi ya kwanza, lakini maendeleo yanaweza kuendelea kwa miaka.

Mgonjwa wa afasia hajarudi utotoni wala hajapungukiwa akili. Zima redio, mkabili, tumia sentensi fupi, uliza maswali ya ndiyo na hapana, onyesha kitu chenyewe, na mpe muda. Usimjadili mbele yake kana kwamba hayupo. Baadhi yao hawawezi kusema jina lao lakini wanaweza kuimba wimbo au kusali sala waliyoizoea. Huo unaweza kuwa mlango wa kuanzia mazoezi.

*Sauti iliyokauka.* Walimu, wauzaji wa sokoni, wahubiri na waimbaji huichosha sauti. Maji ya kutosha, kupumzisha sauti na kuacha sigara husaidia. Sauti iliyokwaruza kwa zaidi ya wiki 3 bila mafua ni lazima ionwe na daktari wa masikio, pua na koo, kwa sababu saratani ya koo huanza hivyohivyo, na ikigunduliwa mapema hutibika.

*Kigugumizi cha ukubwani na ugonjwa wa Parkinson.* Hakuna dawa ya kumeza iliyothibitishwa kuponya kigugumizi. Tiba humpa mtu mbinu za kuanza neno kwa ulaini na, zaidi ya hapo, kumpunguzia hofu ya kuongea mbele ya watu. Mwenye Parkinson, ambaye sauti yake hufifia bila yeye kujua, hufaidika na mazoezi ya kuongea kwa nguvu.

Kama hakuna mtaalamu karibu nawe

Wataalamu wa tiba ya usemi bado ni wachache sana katika nchi zetu na wengi wako mijini. Ukipata nafasi ya kumwona mmoja, itumie yote. Mwulize: tatizo linaitwaje, mazoezi gani nifanye nyumbani, kwa dakika ngapi kila siku, nitajuaje kwamba anaendelea vizuri, na nirudi lini. Omba akuandikie, na akuone wewe ukifanya zoezi mbele yake kabla hujaondoka. Mwulize pia kama anaweza kukufuatilia kwa simu.

Halafu weka daftari. Kila mwezi andika maneno mapya, sauti mpya, na jambo moja ambalo mgonjwa wako ameweza kukuambia ambalo mwezi uliopita hakuweza. Daftari hilo litamsaidia daktari, na siku ukichoka litakuonyesha mlikotoka. Ikiwa miezi 3 imepita na hakuna kilichobadilika, usilaumu mtoto wala usijilaumu. Rudi hospitali uombe uchunguzi upya, ukianzia na masikio.

Kupimwa mtoto ambaye kumbe hana tatizo hakumdhuru. Utakuwa umepoteza asubuhi moja tu. Ikiwa leo umesoma dalili inayomhusu mtu wa nyumbani kwako, panga siku ya kwenda kliniki wiki hii.